MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Habari za Yoyo

Mwezi huu nilikuwa nimekusudia kuendelea na habari za akiba ya chakula kabla ya masika, kama nilivyoahidi, lakini imenifikia barua, nayo imenigusa mahali penye kidonda. Basi mniwie radhi, akiba itangoja.

Barua yatoka kwa mwalimu mmoja wa upande wa Sikonge. Asema kwamba watoto wa darasa lake wameshikwa na mchezo wa yoyo kama watu walioshikwa na homa. Wacheza njiani, wacheza chini ya miembe wakati wa mapumziko, na hata darasani mikono yao iko chini ya meza ikivingirisha nyuzi. Mmoja alilia machozi kwa sababu uzi wake umekatika, na mwingine aligombana na ndugu yake hata wakatengwa. Mwalimu auliza: "Je, nizikusanye zote nizitie motoni? Maana naona ni upuuzi mtupu, tena unawatia watoto hasira bila faida."

Kama angaliniuliza mwaka jana, ningalimjibu kwa neno moja: Choma. Lakini mwaka huu siwezi, na sababu zake nitazieleza, ingawa baadhi yake hazinipi sifa.

Kwanza, kwa ajili ya wale wasioijua, niseme yoyo ni kitu gani. Ni visahani viwili vya mti au vya plastiki, kila kimoja kipana kama mdomo wa kikombe cha chai, vimeunganishwa katikati kwa kijiti kifupi, na kati yao pana nafasi nyembamba. Katika nafasi hiyo huzungushwa uzi juu ya kijiti, na ncha ya pili ya uzi hufungwa kidoleni. Mchezaji huitupa yoyo chini. Uzi hufunguka, yoyo huzunguka kwa kasi, kisha akiuvuta uzi kidogo, yoyo hupanda yenyewe mpaka kiganjani. Kumtazama ajuaye ni jambo rahisi mno. Waweza kudhani kwamba ile yoyo yampenda yule mtu, yamfuata kama mbwa mdogo. Kuishika wewe mwenyewe ni habari nyingine.

Yoyo iliingia nyumbani kwangu mwezi wa Juni, shule zilipofungwa. Mpwa wangu alikuja kwa gari la moshi kutoka Dar es Salaam, akawaletea wanangu zawadi, na mwanangu wa pili, aliye na miaka kumi na mmoja, akapata yoyo nyekundu. Tangu siku ile hatukuwa na amani. Asubuhi tak, tak, tak juu ya sakafu. Mchana yoyo ilimpiga kuku, kuku akaruka juu ya chungu. Jioni ilipiga kioo cha taa, na mama yao akanitazama kwa macho yale ambayo kila mwenye mke ayajua. Kilichonichukiza zaidi ni hasira ya mtoto mwenyewe. Akikosea mara tano alifyonza; akikosea mara kumi aliitupa yoyo ukutani; kisha, kabla sijamaliza kumkemea, alikwisha kuiokota na kuanza tena. Nilimwuliza, "Kitu kinachokutesa hivi wakishikia nini?" Akanijibu, "Baba, bado kidogo tu." Jibu hilo alinipa siku nne mfululizo.

Siku ya tano niliichukua ile yoyo, nikaifungia katika sanduku langu la vitabu. Nilimwambia kwamba angalitia nusu ya bidii hiyo katika hesabu zake, angalikuwa wa kwanza darasani. Maneno hayo wazazi wengi wameyasema, nami niliyasema kwa sauti ya mtu aliyejivunia hekima yake.

Sasa nakiri neno. Usiku ule, watu walipokwisha kulala, nilifungua sanduku kutafuta kitabu cha kutayarisha mafundisho, nikaiona yoyo. Niliwaza: kama mtoto ameihangaikia siku nne, mtu mzima aliyesoma ataijua kwa robo saa. Nikafunga uzi kidoleni, nikaitupa. Ikashuka, ikakaa. Nikavuta uzi, haikuja. Nikavuta tena kwa nguvu. Ikaanza kujizungushia uzi kama mtu aliyelewa, ikalala kwenye mguu wangu. Ikanibidi kuuzungusha uzi wote upya kwa mkono, na kila aliyejaribu ajua jinsi kazi hiyo inavyochosha roho, maana mara tatu za kwanza uzi huteleza bila kushika kijiti. Nikarudia. Nikarudia tena. Robo saa ikapita, na nusu saa, na jasho likanitoka. Mara moja, sijui nilifanya nini, yoyo ikapanda kwa kasi ya ajabu, mkono wangu haukuwepo pale ulipotakiwa, ikanipiga juu ya jicho.

Nikasikia kicheko. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni.

Wasomaji, sikuwahi kujua kwamba kicheko cha mtoto chaweza kuingia mwilini kama pilipili. Masikio yalipata moto. Nilimfukuza kwa ukali akalale, nikaketi peke yangu pale mezani na uzi umenizunguka kidole hata ncha yake imekuwa nyeusi. Na hapo ndipo nilipomkumbuka mzee mmoja ambaye nilikuwa sijamfikiri kwa muda wa miezi mingi.

Mzee huyo ni mfuga nyuki. Mwaka jana alikuwa katika darasa langu la jioni la watu wazima, barazani pa kanisa. Alikuja kwa miguu mwendo wa saa moja na nusu, kwa sababu moja tu: auzapo asali, mnunuzi huandika uzito katika daftari, naye hutia dole gumba mahali anapoonyeshwa, bila kujua ametia gumba juu ya neno gani. Alitaka kujisomea. Mkono wake ulikuwa mzito, na herufi mbili zilimshinda, b na d, kwa kuwa kila mara tumbo la herufi lilimgeukia upande usiofaa. Jioni moja nilikuwa nimechoka. Nilimwambia mbele ya wote, "Mzee wangu, hata watoto wa chekechea wamekwisha kuipita herufi hii." Watu wakacheka. Mzee alifunga daftari lake, akapangusa chaki mikononi, akasema, "Asante, mwalimu," akatoka. Hakurudi tena. Mimi nilijiambia kwamba wazee wana vichwa vigumu, nikaendelea na somo.

Nitarudi kwa mzee huyo. Acheni kwanza nimalize habari za yoyo.

Kesho yake asubuhi nilimwita mwanangu, nikampa yoyo yake, nikamwambia anifundishe. Alidhani ni mtego. Alipoona kwamba nasema kweli, alinyoosha uzi, akanisimamisha, akaanza kazi yake kwa taratibu kiasi cha kunishangaza. Nami nitawaandikia aliyonifundisha, kwa sababu najua katika nyumba zenu kuna wanaoteseka sasa hivi.

Jambo la kwanza ni urefu wa uzi. Ukiishusha yoyo mpaka ardhini, uzi wafaa ufike kwenye kitovu cha mchezaji, basi. Uzi unaouzwa umekatwa kwa kipimo cha mtu mzima, kwa hiyo mtoto mdogo huhangaika bure, yoyo yake yagonga sakafu kabla haijamaliza kufunguka. Hiyo ndiyo ile tak, tak iliyotukosesha usingizi. Haikuwa utundu wake, ulikuwa uzi mrefu. Mkasi uliimaliza.

La pili, kitanzi. Kile kitanzi kidogo kilicho kwenye ncha ya uzi sicho cha kutia kidole. Uzi wenyewe hupitishwa ndani yake, ukafanya kitanzi cha kukaza, nacho huvikwa kidole cha kati, kati ya fundo la kwanza na la pili.

La tatu ndilo lililonishinda mimi. Nilikuwa naitupa yoyo kama mtu atupaye jiwe kisimani, kiganja kikitazama chini. Mwanangu akasema, "Sivyo, baba. Kunja mkono kama unayejisifu kwa nguvu zako." Yaani kiganja kielekee juu, yoyo iwe karibu na bega, kisha mkono ukunjuke kwa kasi na yoyo iviringike kutoka juu ya vidole. Hapo tu kiganja hugeuzwa kutazama chini ili kuipokea. Aliyeitupa vizuri haihitaji nguvu kuirudisha. Mvuto mdogo watosha. Aliyeitupa vibaya hata akivuta kama mtu avutaye ng'ombe tope, haiji.

Na la nne lahusu kijiti. Nilidhani uzi umefungwa juu yake. Haukufungwa. Uzi wa yoyo ni mmoja mrefu uliokunjwa mara mbili na kusokotwa, na pale unapokunjika ndipo kijiti kinapopita, kikiwa huru ndani ya kitanzi chake. Kwa sababu hiyo yoyo ikifika chini yaweza kuendelea kuzunguka mahali pamoja bila kupanda. Wachezaji huita hali hii kulala, na bila kulala hakuna mchezo mwingine wowote. Uzi ukisokoteka mno, washika kijiti, na yoyo yarudi kabla ya wakati. Ukilegea mno, yoyo yalala usingizi wa kufa, haitaki kuamka. Basi kila baada ya kucheza kidogo, iache yoyo ining'inie ijizungushe, mpaka uzi utulie. Mtoto asiyejua hili hufikiri kwamba jana alikuwa hodari na leo amekuwa mjinga, ilhali mkono wake ni ule ule na uzi ndio uliobadilika. Ni machozi mangapi yamemwagika kwa sababu hiyo!

Pamoja na mafundisho hayo yote nilikosa siku mbili nzima. Siku ya tatu, Jumamosi, kabla ya chai, niliitupa, ikalala, nikaivuta, ikaja kiganjani ikatulia. Nilipiga kelele. Mama watoto alitoka jikoni akidhani nimeumwa na nge. Mimi ni mtu wa miaka arobaini na kitu, nimesimamia harusi na mazishi mengi, lakini furaha ile sina kipimo chake. Na sikuridhika nayo, niliitaka tena mara hiyo hiyo. Nikaitupa, ikanikataa mara saba.

Wapo watakaouliza mchezo huu umetoka wapi. Si wa jana. Katika mji wa Berlin kimehifadhiwa kikombe cha udongo cha Wayunani, cha yapata miaka 440 kabla ya Kristo, chenye picha ya kijana ashikaye kitu kama yoyo. Miaka ya 1790, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mchezo huu ulijulikana sana kule, nao ukafananishwa na wakuu waliokuwa wakikimbia nchi. Lakini yoyo ya siku hizi twaipata kutoka kwa mtu wa Ufilipino, Pedro Flores, aliyehamia Marekani, akaanzisha kiwanda chake Santa Barbara katika California mwaka 1928. Baadaye mfanyi biashara Donald Duncan akainunua biashara ile, akaieneza kila mahali. Mwaka 1932 yalifanyika mashindano ya dunia mjini London, na mshindi alikuwa kijana wa Kanada mwenye asili ya Kichina, Harvey Lowe, wa miaka 13. Na mwezi wa Aprili 1985 yoyo ilipandishwa juu ya mbingu zetu ndani ya chombo kiitwacho Discovery, ili wanafunzi waone jinsi vitu vya kuchezea vinavyokwenda mahali ambapo kitu hakionekani kuwa na uzito. Huko yoyo ilikwenda na kurudi vizuri, ila haikuweza kulala, kwa kuwa uzito wake haukuwapo kuuvuta uzi. Mwanangu alipolisikia hili alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe ardhi nayo inacheza." Neno hilo nimeliandika katika daftari langu.

Tena, mambo haya si mageni kabisa kwetu. Pia, ambayo baba zetu walichonga katika matawi ya miti ya miombo na kuichapa kwa ugwe wa gome, ni ndugu yake yoyo. Yasimama kwa sababu yazunguka. Kasi ikipungua, yayumba na kuanguka. Gurudumu la baiskeli latii sheria ile ile. Mtu aliyewahi kuifukuza pia kwenye uwanja uliofagiwa ajua raha yake, na ajua vilevile hasira ya kuiona ikilala ubavu wakati rafiki wote wanatazama.

Na kama nazungumza juu ya kujifunza kwa mwili, siwezi kuipita njia hii ya kale tunayokaa kando yake. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mizigo yote ya kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo ilikwenda mabegani mwa watu, na mashuhuri kati yao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo mmoja ulikuwa ratili sitini, sabini, na wakati mwingine zaidi. Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwezi wa Novemba 1857, aliandika kwamba kazi ya upagazi ilihesabiwa kuwa jambo la kiume, na kwamba watoto waliizoea tangu wadogo kwa kubeba pembe ndogo za ndovu begani. Fikirini mtoto wa siku ya kwanza na kipembe chake. Kinateleza mbele, kinateleza nyuma, chamchubua ngozi, na msafara haumngoji. Hakuna aliyezaliwa na sugu begani. Sisi tukipita leo chini ya miembe ile mikubwa ya Kwihara, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, twawasifu wapagazi kana kwamba waliumbwa hivyo, na machozi ya wale watoto hakuna aliyeyaandika.

Narudi kwenye yoyo. Baada ya kulala, mwanangu alinifundisha mchezo uitwao mtoto katika susu. Yoyo ikiwa imelala, mkono wa pili hushika uzi katikati, vidole hufanya pembe tatu, na yoyo hubembea ndani yake kama mtoto anayebembelezwa. Haya yote lazima yatimie kabla yoyo haijachoka, nayo ile ya kwetu huchoka upesi, kama nusu ya Salamu Maria kwa mtu asaliye bila haraka. Ukiharakisha vidole, uzi huingiliana. Ukikawia, mtoto amekwisha kuanguka. Nilijaribu wiki tatu. Mwanangu aliupata kwa wiki moja, na siku aliyoupata hakuniambia. Alikuja tu mbele yangu akauonyesha, akaondoka zake akipiga mluzi. Niliona wivu, nami sioni haya kusema.

Katika wiki hizo tatu nilijichunguza kwa makini, kama mwalimu. Niligundua kwamba hasira haiji mtu anapokuwa hajui kabisa. Siku ya kwanza kabisa mtu hucheka. Hasira huja pale anapokaribia, wakati mkono umekwisha kuonja mara moja na sasa unanyimwa. Tena nilipokuwa peke yangu nilikosea mara ishirini bila kununa, lakini akiwapo mtazamaji mmoja tu, kosa la pili lilinitia uchungu. Na nilipoacha mazoezi jioni kwa kukata tamaa, mara nyingine asubuhi mkono uliweza jambo ulilolikataa usiku, bila mimi kufanya lolote ila kulala usingizi. Katika miaka yangu yote ya kushika chaki hakuna aliyeniambia hili, au labda waliniambia nami sikusikia.

Basi mwalimu wangu wa Sikonge, jibu langu ni hili. Usizichome. Weka saa yake na mahali pake: nje, mbali na vioo na vichwa vya watoto wadogo, na kengele ikilia ziingie mfukoni. Tazama nyuzi zao. Zilizo ndefu zikate, zilizochakaa zibadilishwe, na nusu ya ugomvi itakwisha. Usiruhusu zichezewe kwa kamari, hata ya maembe. Na mtoto anayelia kwa kuwa yoyo imemkataa, usimwambie kwamba ni kitu kidogo. Marehemu Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora tangu 1937 hata 1942 na kurudi kufundisha St. Mary's mwaka 1946, alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na sijasikia mtu akisema kwamba kete zilimharibia akili. Ukitaka faida zaidi, omba yoyo moja, ujifunze mbele yao. Hilo la mwisho sikuamuru. Nakuonya kwamba litauma.

Kwa wasio na fedha ya kununua: fundi seremala mmoja wa jirani alitutengenezea mbili za mninga. Visahani lazima vilingane uzito, vinginevyo yoyo huyumba na kujilaza upande. Na kijiti kisuguliwe mpaka kiwe laini kabisa. Uzi wa pamba wa kushonea viatu haukufaa, una nta, unashika mno. Uzi wa pamba mtupu, uliokunjwa na kusokotwa vizuri, ulifaa.

Sasa yule mzee. Mwezi wa Agosti nilichukua baiskeli, nikaenda kwake. Sikuwa na hakika ya maneno ya kumwambia, na njia yote nilikuwa nayatunga na kuyafuta. Nilimkuta chini ya mti akisokota kamba ya magome ya kuning'inizia mizinga yake. Nikamwamkia, "Mwangaluka, guku," akaniitikia vizuri, akanipa kigoda. Akaendelea na kazi. Hakuniuliza nimefuata nini.

Nilishika kipande cha gome nami nikajaribu kusokota juu ya paja kama yeye. Kilifumuka. Akanitazama, akanionyesha tena, polepole zaidi, mkono wa kulia ukienda mbele na wa kushoto ukingoja. Kilifumuka tena. Hakusema neno, alichukua kipande kingine chenye unyevu zaidi, akanipa. Nilipoinama, yoyo ikaanguka kutoka mfukoni mwangu. Akauliza ni nini. Nikamwonyesha, ikalala, ikarudi. Akaomba naye ajaribu. Aliitupa, ikashuka, ikabaki inaning'inia kama mzinga uliohamwa na nyuki. Mzee alicheka hata akakohoa. Alijaribu mara ya pili, na ya tatu, na ya kumi.

Kisha akauliza, "Mwalimu, wewe ilikushinda siku ngapi?"

"Usiku wa kwanza nilishindwa kabisa. Tena siku mbili zaidi."

"Kuna aliyekucheka?"

"Mwanangu."

"Ukafanya nini?"

"Nilimfukuza."

Akanyamaza, akasokota kamba urefu wa mkono mzima. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa mwanafunzi. Mwanafunzi hawezi kumfukuza mwalimu. Nikajifukuza mwenyewe."

Nikamwomba radhi. Nilisema maneno machache, kwa maana yale niliyoyatunga njiani yote yalikuwa yamenipotea. Hakunijibu kwamba amenisamehe, wala hakusema kwamba hajanisamehe. Aliweka kamba chini, akasawazisha mavumbi mbele yake kwa kiganja, akaniuliza, "Ile herufi, tumbo lake liko upande gani?"

Niliokota kijiti, nikachora mgongo wake kwanza, halafu tumbo, kulia. Kando yake nikachora ya pili, tumbo kushoto. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akazifuta kwa mguu, akachukua kijiti mkononi mwangu, akaandika b. Tumbo liliangalia upande usiofaa. Aliona mwenyewe, kabla sijafumbua kinywa. Akafyonza, akaifuta, akaandika tena. Jua lilipokaribia kuchwa, kati ya kumi tatu zilikuwa zimeelekea sawa, na yoyo yangu ilikuwa imelala mavumbini, tumeisahau sote wawili.